Mlango Usiofungwa

Boksi la kwanza lilikutwa langoni alfajiri ya Jumatatu, wiki moja baada ya kibao kutundikwa. Ndani yake mlikuwa na watoto sita wa mbwa, macho hayajafunguka, wamefunikwa kipande cha khanga. Mwalimu (ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, nami sitamwita vingine) aliwatoa mmoja mmoja akisema, "Aliyewaleta kaniamini." Kumbe aliyewaleta alikuwa na haraka tu.

Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi mjini Tanga. Kiinua mgongo chake, ambacho wanawe walikwisha kukijengea nyumba ya wapangaji vichwani mwao, alikinunulia kiwanja Pongwe, kwenye barabara ya kwenda Muheza. Akazungusha wavu, akaezeka mabanda kwa makuti. Miaka mingi alikuwa akiwaona mbwa koko wakipigwa mawe jalalani na paka wakimwagiwa maji ya moto nyuma ya vibanda vya chipsi, na moyo wake ulikataa kuzoea. Kwenye kibao aliandika kwa mkono wake: "Hapa hakuna anayefukuzwa." Ukikisoma kibao hicho kwa haraka utakipenda. Kisome tena, utaona hakisemi wangapi.

Alianza na mbwa saba na paka wanne. Watu walipojua kuna mtu anayepokea, waliacha kutupa jalalani wakawa wanatupa kwake: usiku, ndani ya viroba na maboksi ya sabuni, mara nyingine kwa bodaboda iliyolipwa nauli ya kwenda tu. Hakuna aliyeuliza chakula kinatoka wapi. Yeye alimpimia kila mbwa nusu kilo ya dona kwa siku, achilia mbali dagaa. Walipofika 40 ikawa kilo 20 kwa siku, yaani magunia sita ya kilo 100 kwa mwezi. Pensheni yake haikufika hata nusu ya bei ya magunia hayo.

Wengine hawakuletwa, walizaliwa humo humo. Daktari wa mifugo alimshauri ahasi madume na kuwafunga kizazi majike kabla ya kuongeza hata kibanda kimoja. Mwalimu akapiga hesabu, akaona pesa za upasuaji zingetosha kununua mabati, akanunua mabati. Lakini paka hubeba mimba wiki tisa tu, na jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, wewe hujaacha kumwita mtoto. Alikuwa na majike matano. Kwa mkupuo mmoja wakaongezeka paka 20, na yale mabati hayakuwatosha.

Masika yalipoingia, watoto wa mbwa wakaanza kutapika na kuhara damu. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoweza kummaliza mtoto wa mbwa asiyechanjwa ndani ya siku chache. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi na haviogopi sabuni. Huuawa na dawa ya klorini, nayo klorini hufanya kazi kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa, haifui dafu kwenye tope. Sakafu za Mwalimu zilikuwa za udongo. Kila boksi lililofika alfajiri liliingizwa banda lile lile walimokuwa wagonjwa, kwa kuwa hapakuwa na banda jingine. Katika wiki mbili alizika 11, na katika wiki hizo hizo akapokea tisa.

Imamu wa msikiti wa jirani alipita kumpa pole. Pwani wengi humwepuka mbwa kwa ajili ya twahara, lakini mzee huyu hakuja kulaumu. Alimkumbusha hadithi mbili zinazofundishwa madrasa: ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akila tope kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, na ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini.

"Mwalimu wangu," akasema, "hapa ulipajenga kwa hadithi ya kwanza. Tazama usije ukaishia katika ya pili."

"Shehe, nikifunga mlango hao wa nje watakwenda wapi?"

"Na hawa wa ndani wanakwenda wapi?"

Hakuwa na jibu. Usiku ule ule aliletewa dume kubwa la mbwa, kamba shingoni, udenda ukimchuruzika. Mwalimu akadhani ni kiu. Akamwekea maji, mbwa hakunywa. Akamwingiza bandani na wenzake.

Siku ya pili mbwa huyo alimng'ata kijana aliyekuwa akisaidia kugawa chakula. Hapo Mwalimu hakukosea. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, akampakia kijana kwenye bodaboda hadi hospitali, na akahakikisha anarudi kwa kila sindano iliyobaki. Ndiyo sababu yu hai. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra mno kupona. Mbwa mwenyewe alikufa siku ya nne.

Bwana mifugo akaja na maswali mawili. Nani kati ya hawa amechanjwa, na lini? Aliyekufa alilala na wepi? Mwalimu hakuwa na daftari wala cheti hata kimoja. Mbwa wote waliolala banda moja na mgonjwa na kula sufuria moja naye waliuawa kwa siku mbili. Chanjo ambayo ingewaokoa hutolewa bure katika kampeni nyingi, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kampeni ilikuwa imepita mjini, naye hakwenda, kwa sababu hakuwa na namna ya kuwafikisha mbwa 40 kwa pamoja.

Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, nasi tukadhani wanamsema mchoyo peke yake.

Nayaandika haya kwa kuwa wenye moyo kama wa Mwalimu hawaishi, na wengi wao huanza kwa kuulizia bei ya mabati. Waanze na chumba kimoja cha karantini chenye sakafu ya saruji, mbali na mabanda mengine, ambamo kila mgeni atakaa wiki mbili akichunguzwa. Kichaa cha mbwa huweza kujificha mwilini hata miezi, kwa hiyo chanjo yake imsubiri mtu, si mtu aisubiri. Wawe na daftari kabla ya sufuria, na fungu la kuhasi kabla ya fungu la kuezeka. Tena wakumbuke kwamba kazi kubwa iko nje ya wavu: Shirika la Afya Duniani husema mbwa 70 kati ya kila 100 wa eneo wakichanjwa, kichaa hukosa pa kupita. Mbwa na paka wengi wa mitaani wana mlango wanakolala. Wanachokosa ni sindano na upasuaji.

Mwalimu alianza upya baada ya miaka miwili. Kibao cha zamani alikigeuza, nyuma akaandika kwa chaki: "Nafasi 12." Chini yake huandika zilizobaki.

Nilipomtembelea, kibao kilisema sifuri. Alikuja msichana wa miaka kama minane, paka mchanga ndani ya mtandio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unajua kusoma?"

Mtoto akasoma, midomo ikaanza kumtetemeka. Mwalimu akampa konzi ya dagaa kwenye gazeti, akaandika jina lake daftarini na siku atakayokuja daktari kuchanja na kufunga kizazi, akamwambia amrudishe paka siku hiyo, ila akalale naye nyumbani. Mtoto akaondoka na paka wake. Mwalimu alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akafunga mlango, na mkono wake ukabaki juu ya komeo kwa muda mrefu.