Fungu Sawa na Fungu la Haki

Msomaji kijana, nataka tukae pamoja kitambo kidogo tuzungumze juu ya neno dogo lenye herufi nne: sawa. Ni neno tamu masikioni, na aghalabu husemwa na watu wema. Walakini nimeishi nalo katika kazi ya ualimu kwa zaidi ya miaka kumi, na nimeliona likidhulumu watu pasipo mtu yeyote kukusudia dhuluma.

Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi za umma, ikaweka shilingi 1,020 kwa mwaka kwa ajili ya kila mtoto. Mwaka 2008 ikafuata zamu ya sekondari za kutwa, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi, na mwaka 2018 kiasi hicho kikapandishwa hadi shilingi 22,244. Mtoto wa Kisumu mjini na mtoto wa Nyakach wakaandikiwa fungu moja. Jambo hili ni jema, nami silibezi. Wengi waliokuwa wakichunga ng'ombe au kuanika omena saa za masomo waliingia darasani kwa sababu yake.

Sasa chukua kalamu. Shule yenye wanafunzi 1,200, kwa hesabu ya mwaka 2018, hustahili shilingi 26,692,800. Shule ya kijijini yenye wanafunzi 120 hustahili 2,669,280. Hapana aliyepunjwa. Lakini shule ile ndogo nayo yahitaji maabara, mlinzi wa usiku, na mwalimu wa kemia. Pale ambapo Serikali haijaleta walimu wa kutosha, halmashauri ya shule hulazimika kuajiri wake yenyewe, na mwalimu huyo hali chakula kidogo kwa kuwa wanafunzi wake ni wachache.

Wavuvi wa ziwa letu hulijua jambo hili bila ya kwenda chuo. Mashua iendayo kuvua omena huwasha taa zile zile usiku wa neema na usiku wa ukata. Kulipopambazuka, kabla ya mtu kupewa chake, aghalabu hutolewa kwanza gharama za taa na mafuta. Ndipo kugawana huanza. Sisi katika shule tumeanza kwa kuhesabu vichwa, na taa tumezisahau.

Nalifundisha zamani kidogo katika shule moja ya kutwa kwenye uwanda wa Kano, karibu na mto Nyando. Tulikuwa na bureti mbili kwa darasa la watu thelathini. Wiki moja kabla ya mtihani wa taifa tukaazima nyingine kwa jirani, kwa siku moja tu, ili kila mtoto ashike yake. Msichana mmoja, hodari kuliko wote kwa hesabu za kemia, aliitazama yake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, bilula hii hufunguliwa upande gani?" Alikuwa amesoma miaka minne.

Yamkini utasema: shule ndogo ni hasara, zifungwe, watoto wapelekwe katika kubwa. Mtu husema hivyo kwa urahisi akiwa karibu na barabara ya lami. Mwaka 2020, mito na ziwa vilipofurika, njia za Kano ziligeuka maji. Kilomita tano za ramani si kilomita tano za miguu ya mtoto.

Wengine watasema fedha ziende penye faida kubwa. Hoja hii ni ya zamani, wala si ya kipumbavu. Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965, ulioeleza Ujamaa wa Kiafrika, ulishauri fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa zaidi, kwani nchi ilikuwa changa na hazina ndogo. Lakini mahali pa kuzaa zaidi palikuwa pale palipokwisha kuwa na ardhi nzuri, reli na barabara. Mwenye nacho akawa na sababu ya kuongezwa.

Ipo hoja ya tatu, nayo ndiyo hunisumbua mimi. Katika miaka ya harambee baada ya uhuru wa 1963, wazazi waliuza ng'ombe na kubeba mawe ili kujenga shule zao. Je, ni haki kijiji kilicholala kipewe zaidi ya kile kilichojitolea? Tena, ukilipa kwa kadiri ya shida, je, hutawafundisha watu kuzidisha shida zao, kama vile malipo ya vichwa yalivyowafundisha baadhi kuandika wanafunzi hewa? Sina jawabu kamili. Najua tu kwamba mtoto wa sekondari hakulala katika harambee yoyote, hakuwa amezaliwa.

Kwa hiyo napendelea kila shule ipewe kwanza gharama ya taa zake, ndipo fedha zilizobaki zigawanywe kwa vichwa. Hazina ikiwa ni ile ile, shule kubwa itapungukiwa. Pengine shule hiyo ni yako, nami nakuomba usikubaliane nami haraka.

Yule msichana alifanya mtihani wake. Karatasi ilikuwa ile ile iliyofunguliwa katika shule kubwa za mjini, asubuhi ile ile, kwa dakika zile zile.