Heshima ya Ngomani na Heshima ya Barazani

Wasomaji wetu, twapenda leo kulitazama swali hili: mtu akiheshimiwa penye ibada, kisha akanyimwa neno penye shauri, je, ameheshimiwa kweli?

Zamani za misafara, njia itokayo Bagamoyo ilipita Tabora mpaka Ujiji. Wanyamwezi wengi waliishika kila mwaka wakichukua pembe za ndovu. Baadhi ya wake waliandamana na waume zao, wamejitwika vyungu na chakula. Wengine walibaki wakilima. Katika nchi hiyo palikuwa na chama kiitwacho Buswezi, ambacho asili yake ni kaskazini, katika nchi za maziwa makuu, walikomtukuza Lyangombe. Hakikuwa chama cha ukoo wala cha mali. Mtu aliugua, au alipatwa na mikosi. Mfumu akapiga ramli, akasema kwamba pepo wa Waswezi wamtaka. Ndipo akatoa ada, akapelekwa porini, akafundishwa maneno ya siri. Wanaume waliingia, na wanawake waliingia, kwa maana ugonjwa hauchagui.

Basi mwanamke aliyepandwa na pepo alisikilizwa na watu wazima. Walakini hapo ndipo penye fundo: alisikilizwa kwa kuwa alidhaniwa si yeye asemaye. Ngoma ikinyamaza, alirudi kwenye kinu chake.

Mambo kama hayo yalikuwako mbali sana na huku. Mani, aliyezaliwa Babeli mwaka 216, aliacha dini yenye watu wa namna mbili: wateule na wasikiaji. (Augustino mwenyewe alikuwa msikiaji miaka kama 9 kabla hajabatizwa.) Mwanamke aliweza kuwa mteule, asile nyama, asinywe divai, asiolewe, afunge sawasawa na wanaume. Habari za maisha ya askofu Porphyrius zasimulia juu ya Julia wa Antiokia, aliyefika Gaza karibu na mwaka 400, akahojiana naye hadharani. Lakini viti vya walimu 12 na vya maaskofu 72 vilikuwa vya wanaume.

Wako wasemao kwamba roho hazina cheo, na cheo ni utaratibu tu. Neno hili latushinda kulikubali. Aliyeaminiwa kufunga na kuomba kwa ajili ya wote, kwa nini asiaminiwe kushauri? Wala tusiseme kwamba watu wa huku hawakuweza kumtii mwanamke, maana Unyamwezi ulipata kuwa na watemi wanawake, na watu waliwatii.

Kanisa letu la Kilutheri katika Tanzania lilikubali mwaka 1990 kwamba wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, ingawa dayosisi zote hazikufuata kwa wakati mmoja. Twawauliza waalimu wa sharika: katika baraza lenu la wazee, mama aliyeongoza sala alfajiri akileta shauri la fedha jioni, wazee humjibu, au humshukuru tu na kupita kwenye neno jingine?