Mnyama Tunayejichagulia

Hapana mtoto wa nchi zetu asiyejua hadithi ya kisima. Jua lilikuwa kali, mito ikakauka, wanyama wakafanya shauri wachimbe kisima. Sungura akakataa kazi, walakini usiku akaja kuiba maji. Akawashinda walinzi wote kwa hila, hata Kobe akajipaka ulimbo mgongoni, akazama majini, akamnasa. Wazee waliotusimulia hawakusema hadithi hii yamhusu nani. Kila msikilizaji huachiwa ajitafutie mahali pake.

Na hapo ndipo penye hatari. Mnyama wa hadithi ni kioo, lakini ni kioo cha mkononi, na mwenye kukishika aweza kukielekeza kwa jirani. Fulani twamwita fisi kwa uroho wake, fulani kinyonga kwa kugeuka-geuka kwake. Sisi wenyewe tu nani? Aghalabu tu Kobe, mpole, mwaminifu, mwenye subira. Twawajua fisi wengi, wala hatujapata kukutana na mtu aliyesema, “Fisi ni mimi.”

Nabii Nathani aliijua tabia hii. Alipotumwa kwa Mfalme Daudi, aliyemtwaa mke wa Uria na kumwulisha mumewe, hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, na tajiri mwenye makundi aliyemnyang’anya. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu; ndipo alipoambiwa kwamba amejihukumu mwenyewe. Kama angalijua mapema kuwa hadithi ni yake, labda angalijitetea.

Kusini ya Kagunga uko msitu wa Gombe, ambako Bibi Jane Goodall alianza kuwachungua sokwe mwaka 1960. Kati ya miaka 1974 na 1978 ilionekana huko kwamba sokwe wa kundi la Kasakela waliwavizia na kuwaua wale wa Kahama, ambao zamani walikuwa kundi moja nao, wakichambuana manyoya. Sokwe hana amri aliyoivunja, wala si haki kumfanya mwenye dhambi. Lakini tumewasikia watu wakiambiwa habari hii, wakasema, “Kweli hawa ni hayawani!” wakaenda zao. Kioo wamekigeuzia msituni.

Tusiwacheke. Mwezi wa Mei mwaka 2015, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na maji. Vyoo havikutosha, watu wakanywa maji ya ziwa, kipindupindu kikaingia. Nasi tulikuwapo, na nyumbani mwetu ulikuwamo mtungi wa maji yaliyochemshwa. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alituamkia kwa Kirundi, lugha ambayo Muha hahitaji mkalimani kuielewa, akaomba maji. Tukamwonyesha ziwa. Sababu tulikuwa nazo: mtungi ni mmoja, wenye kiu hawahesabiki, na kuni zimekuwa adimu.

Siku chache baadaye tulisimulia darasani hadithi ya kisima. Tulipofika kwa Kobe na ulimbo wake, watoto wakapiga makofi. Mvulana mmoja hakupiga. Akasimama, akauliza, “Mwalimu, na mnyama aliyetoka mbali, ambaye hakuwapo siku ya kuchimba, naye alikatazwa maji?”

Tukamjibu kwamba katika hadithi hii hayumo mnyama wa namna hiyo, tukamwambia aketi. Akaketi.

Tangu utoto tulikuwa tumejichagulia kuwa Kobe, na kwa kweli Kobe ndiye tuliyekuwa: tulilinda maji. Hatukuwa tumewahi kujiuliza ni nani mwingine aliyekuja kisimani usiku ule akakuta ulimbo.

Merikebu ya Liemba iliwachukua wakimbizi mpaka Kigoma, safari baada ya safari, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Yule mama huenda alikuwa miongoni mwao. Hatukumwona tena, na jina lake hatukumwuliza.