Haraka Hii Inalipwa na Nani?

Hakuna mtoto aliyepita darasani asiyeijua methali isemayo kwamba haraka haraka haina baraka. Tumeifundisha, tumeiimbisha, tumeiandika ukutani kwa chokaa. Lakini tukiitafakari vema twaona kwamba wazee waliotuachia methali hiyo walikuwa wakifikiria haraka ya namna moja tu: ya mtu aunguzaye ulimi wake kwa uji wa moto, au ya mkulima apandaye kabla mvua hazijakolea, mbegu zikamfia ardhini. Mwenye haraka ndiye aliyekosa baraka. Hasara ilimrudia mwenyewe, na jirani zake wakapata la kuwafundishia watoto.

Kwenye lami mambo siyo hayo. Ndugu msomaji, simama dakika kumi tu kando ya barabara kuu hapa Buseresere, pale tunapopakana na wenzetu wa Katoro, hasa siku ya mnada. Utaona mabasi ya Mwanza na Bukoba, mafuso, michomoko iliyopakia watu hadi mlango haufungi, bajaji, na pikipiki zisizohesabika. Katikati yao yupo mama mwenye beseni la nyanya kichwani, mzee anayekokota baiskeli yenye madumu ya maji, na watoto wa shule wenye mifagio mikononi. Gari moja linasimama penye kivuko ili watoto wapite. Mara la nyuma linapiga honi, na la nyuma yake, lisilotaka hata kujua kwa nini wenzake wamesimama, linachomoka pembeni na kuwapita wote. Watoto bado wako katikati ya barabara. Hapo mwenye haraka ni mmoja, na atakayekosa baraka ni mwingine kabisa.

Ndiyo maana twauliza: je, kukosa subira barabarani ni udhaifu wa tabia, kama ule wa mtu mwenye hasira za karibu, au ni dhuluma? Watu wengi hujibu kwamba ni tabia. "Ndivyo alivyo yule, ana haraka zake." Tukisema hivyo tumekwisha kumsamehe, maana nani hana udhaifu wake? Sisi twaona jibu hilo ni jepesi mno, na ni jepesi kwa sababu aliyelitoa kwa kawaida amekaa ndani ya gari.

Kwanza tufanye hesabu, maana hesabu haimwonei mtu. Tuchukue kipande cha kilometa 3 chenye nyumba na maduka pande zote mbili. Dereva anayekwenda kilometa 50 kwa saa, mwendo ambao alama za barabarani zinauruhusu penye makazi ya watu, atakimaliza kwa dakika 3 na sekunde 36. Anayekwenda kilometa 80 kwa saa atakimaliza kwa dakika 2 na sekunde 15. Amejipatia dakika 1 na sekunde 21. Muda huo hautoshi hata kumwamkia mzee wa Kisukuma kwa utaratibu unaompasa, ukamwuliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Mara nyingi dereva huyo huyo tunamkuta mbele kidogo ameegesha gari, anangoja mishikaki iive.

Na upande wa pili wa hesabu hiyo? Katika sekunde moja, ambayo kila binadamu anaihitaji ili jicho lione na mguu uguse breki, gari la mwendo wa 50 limekwisha kwenda mita 14 hivi. La mwendo wa 80 limekwenda mita 22. Tena nguvu ya pigo haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa mwendo wenyewe, kwa hiyo pigo la 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya pigo la 50. Dereva ameketi ndani ya chuma. Mtoto amevaa shati.

Wako wanaosema kwamba subira itakuja barabara zitakapokuwa bora na safari zitakapokuwa fupi. Hilo nalo tumeliona kwa macho. Kabla ya lami, mashimo ndiyo yaliyokuwa askari wetu wa usalama barabarani, na hayakupokea chochote. Na kwa miaka mingi aliyetoka huku kwenda Mwanza kwa njia ya Sengerema alifika Busisi akakaa, awe tajiri wa dhahabu au muuza dagaa, akingoja kivuko. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, na kungoja huko kukawa kupita kwa dakika chache. Tunamshukuru Mungu kwa daraja lile. Wagonjwa wamepona taabu kubwa. Lakini madereva waliopewa zawadi ya saa nzima hawakufika hapa kwetu wakiwa wametulia kuliko zamani. Kumbe haraka hii haitokani na uhaba wa wakati. Ukimwongezea mtu wakati, haraka yake inahamia mahali pengine.

Basi ni kitu gani? Mwaka 1973 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi huko Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio ambalo lingefaa kusomwa katika kila chuo cha Biblia. Waliwachukua wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, wakawaambia waende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao hotuba yao ilihusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani waliweka mtu aliyejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Wanafunzi wengine waliambiwa wamechelewa, wengine kwamba wakati umetimia, wengine kwamba bado wana nafasi. Katika wale wasio na haraka, 63 kwa kila mia walisimama kumsaidia. Katika wale walioharakishwa walikuwa 10 kwa mia. Kwamba mtu alikuwa anakwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Wako waliomruka mgonjwa wakaendelea na safari yao ya kwenda kumsifu Msamaria.

Hatuamini kwamba vijana wale walikuwa waovu. Wala kuhani na Mlawi, waliokuwa katika barabara ile ya kuteremkia Yeriko, Bwana hakutuambia walikuwa watu wa chuki. Haraka ilifupisha macho yao. Na hapa ndipo tunapoanza kukataa neno "udhaifu". Mtu akijua kwamba kileo kinampofusha, kisha akanywa na kushika usukani, hatumhesabii upofu ule kuwa bahati mbaya. Haraka nayo ni kileo, ila haina harufu na askari hana kipimo chake.

Jambo linalotushangaza ni kwamba watu hawa nje ya gari ni watu wema. Mkutane naye kwenye njia ya miguu shambani, atakupisha, atakuamkia "mwangaluka", atakuuliza ulikotoka. Mweke nyuma ya kioo, na neno lake lote kwako linakuwa honi. Honi ni mwito bila salamu, na kwetu kumwita mtu mzima bila salamu ni kumvunjia heshima. Wala usituambie kwamba ndani ya gari haiwezekani kumjali mtu usiyemjua. Tumepanda mabasi, tumeona. Dereva akipita askari wenye tochi ya kupimia mwendo, huwawashia taa madereva wanaokuja mbele ili wapunguze mwendo wasiandikiwe faini. Hawajuani majina, hawatakutana tena, na bado mmoja anamhurumia mwenzake asipate hasara ya fedha. Huruma ipo, basi. Imewekewa mipaka tu: inawafikia wenye usukani, haimfiki mwenye beseni.

Katika Litania tunawaombea wote walio safarini, nchi kavu na majini. Tukifika hapo mawazo yetu hukimbilia abiria wa basi. Lakini mama yule wa nyanya yumo safarini naye, na safari yake ya kuvuka mita chache za lami huenda ikawa ya hatari kuliko ya basi la kwenda Bukoba.

Tena tutazame tulivyogawa wajibu. Sisi walimu tumewasimamisha watoto wa darasa la kwanza mistarini na kuwakaririsha: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, ndipo uvuke. Somo hilo ni jema, na hatusemi liachwe. Lakini mtoto wa miaka saba ana urefu unaofika kwenye taa za fuso, na hajui kupima mwendo wa kitu kinachomjia. Huyo ndiye tuliyembebesha tahadhari yote. Aliye mkubwa, mwenye leseni, mwenye breki, mwenye macho yaliyo juu kuliko watu wote, yeye tunamwombea apate subira. Kwa Mungu haikuwa hivyo kamwe. Torati ilimdai zaidi mwenye ng'ombe mkali kuliko mpita njia, na tena zaidi kama mwenye ng'ombe alikuwa ameonywa.

Tutaulizwa: je, hakuna haraka ya haki? Ipo. Kijana wa bodaboda anayemkimbiza mama mwenye uchungu kwenye kituo cha afya usiku ana haraka ya haki, na gari la wagonjwa sheria yenyewe inalipa njia. Lakini angalia namna haraka hiyo inavyojieleza. Inawasha taa, inapiga king'ora, inawaambia watu wote sababu yake na kuwaomba wapishe. Haiibi njia kwa mtu asiyejua. Vivyo hivyo msiba ukipita na taa zinawaka, madereva wetu hupunguza mwendo, wengine husimama kabisa, na wenye pikipiki huvua kofia. Hakuna anayewapigia honi waliobeba jeneza. Kila tunapoona heshima ile tunajiuliza kwa nini mtu angojwe kwa adabu namna ile akiwa maiti, na asingojwe sekunde 81 akiwa hai anakwenda shule.

Tusimwachie dereva mzigo huu peke yake, ingawa hatumwondolei. Yehu mwana wa Nimshi, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlinzi alimtambua kwa mbali kwa jinsi alivyoendesha, kabla hajauona uso wake, na sote tunajua alikuwa anakwenda kufanya nini. Lakini Yehu aliendesha gari lake mwenyewe. Madereva wetu wengi wanaendesha gari la mtu, na nyuma yao wapo abiria wanaosema, "Dereva, kanyaga, tumechelewa!" Kwaya ikikodi gari kwenda mkutanoni, likilipita gari jingine kwenye mlima, vigelegele hupigwa, na hao hao wakifika wanaimba juu ya amani.

Halafu ipo hesabu ya jioni. Kijana amekabidhiwa pikipiki kwa sharti la kupeleka kiasi fulani kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mnada uwepo usiwepo. Wachimbaji wa Rwamagasa wakiwa na siku mbaya, abiria hupungua, lakini hesabu haipungui. Saa kumi na moja jioni kijana huyo bado hajaifikisha, na kila mtu anayevuka polepole mbele yake anakuwa kama mtu anayemla fedha yake. Pikipiki hizo zina wenyewe, na baadhi ya wenyewe tunaketi nao kanisani, tena viti vya mbele. Kwao tuna jambo moja la kuwaomba, nalo linawezekana kuanzia wiki hii: hesabu iwe ya juma zima badala ya siku, ili siku njema ibebe siku mbaya, na kijana ambaye jioni haikumwendea vizuri aweze kurudi nyumbani na kuifidia kesho. Wapo wanaofanya hivyo tayari. Tumewauliza kama wamepata hasara, wakatuambia kwamba fedha inayofika mwisho wa juma ni ile ile, ila matengenezo ya pikipiki yamepungua.