Mzee Eli na Kijana Asikilizaye Nyota



Twasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli kwamba Mungu alimwita kijana Samweli usiku, naye akadhani anaitwa na mzee Eli. Mara ya tatu ndipo mzee alipofahamu. Eli mwenyewe hakuisikia sauti ile. Walakini hakumkemea kijana, bali alimfundisha namna ya kuitika.

Yafaa wazazi tuukumbuke mfano huo. Kijana wa Masasi au Newala akichukua sahani kuukuu ya televisheni, akaiwekea kopo la bati la kunasia mawimbi, akaunga nyaya mpaka kwenye kipokezi kidogo cha redio na kompyuta, akasema ataka kusikiliza nyota, tutamjibu nini? Wengi tutamwambia aache mchezo, akapalilie mikorosho.

Lakini huo si mchezo. Mwaka 1937 Grote Reber, fundi wa redio wa Marekani, alijenga kwa fedha yake sahani yenye upana wa mita 9 na nusu uani kwa mama yake. Alitengeneza kipokezi cha kwanza, asisikie kitu. Cha pili, vivyo hivyo. Kwa kipokezi cha tatu, mwaka 1938, mbingu zikasikika.

Leo sahani ya mita moja hivi yatosha kunasa wimbi la sentimita 21 litokalo katika hewa ya hidrojeni iliyotawanyika kati ya nyota. Tena watu wa uwanda wa Makonde wamejaliwa: mwezi wa Juni, karibu na saa sita ya usiku, kitovu cha Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi wao. Mawimbi yafikayo kutoka huko yamesafiri miaka ipatayo 26,000.

Mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa kwanza unyenyekevu. Akielekeza sahani kwenye mbingu tupu, kelele hupungua. Akiielekeza kilimani, huzidi, maana hata udongo kwa joto lake hutoa mawimbi. Sharti azijue kelele za dunia, na za chombo chake mwenyewe, kabla ya kusema amesikia ya mbinguni. Je, si ndivyo ilivyo katika sala?

Wala tusihofu kwamba elimu hii itamwondolea imani. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza mwaka 1931 jinsi ulimwengu ulivyoanza. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba redio imenasa mnong'ono utokao pande zote za mbingu, masalio ya joto la zamani zile. Padre alipata habari hiyo kabla ya kufariki mwaka 1966.

Basi, enyi akina baba na akina mama, kijana na apalilie mikorosho, na sala ya jioni isiachwe. Kisha tumpe pembe ya ua, na asubuhi tumwulize amesikia nini. Hatuhitaji kuifahamu redio yake. Eli naye hakusikia kitu, lakini bila yeye Samweli asingalijua ni nani amwitaye.