MTOTO MZITO WA KUSOMA NA HAKI YAKE JUU YETU

  

Ndugu zetu Waislamu, katika mwezi wa Rajabu alitujia darasani petu baba mmoja, seremala, amemshika mkono mwanawe wa miaka kumi. Alitueleza kwamba mtoto huyu amekwenda chuoni miaka minne, na skuli miaka minne, wala hajui alifu kwa kijiti. Mwalimu wa chuo amemchapa mpaka amechoka yeye mwenyewe. Skuli amerejeshwa darasa mara mbili. Mama yake amempeleka kwa mtu akamwandikia kombe la siku saba, akalinywa lote, kisha akafungwa hirizi shingoni kwa kuwa yasemwa amepatwa na jicho. "Basi masheikh," akasema, "niambieni. Huu ni ukaidi, au ni jini, au ndivyo alivyoumbwa, nimtoe nimtie kazini?"

Tulimwomba mtoto atusomee Alhamdu. Akaisoma yote kwa moyo, kwa sauti nzuri, na kila herufi ikatoka mahali pake. Tukamtaka zile Kul-audhu mbili, akazisoma. Kisha tukamfunulia juzuu, tukamwekea kidole juu ya neno lilo hilo alilotoka kulisoma sasa hivi, akanyamaza. Jasho likamtoka. Hakuweza kupambanua be na te, wala nuni na ye. Baba yake akainua mkono, nasi tukamzuia.

Ndugu zetu, mtoto aliyehifadhi sura kwa masikio yake si mpumbavu. Wala si mkaidi, kwani mkaidi hatokwi na jasho. Hitilafu yake iko mahali padogo: sauti ya neno na sura ya herufi hazishikani upesi kichwani mwake kama zinavyoshikana kwa wenziwe. Jambo hili limejulikana na wenye ilimu kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza aitwaye W. Pringle Morgan aliandika khabari za mvulana wa miaka 14, mwenye akili na bidii, ambaye alishindwa kusoma hata maneno mafupi. Na mwalimu wake alishuhudia kwamba lau masomo yote yangalikuwa ya mdomo, kijana yule angaliwapita wote skulini. Leo hali hiyo yaitwa disileksia. Hailetwi na uvivu wala na malezi mabaya, na aghalabu huandama ukoo. Tulipomwuliza seremala yeye mwenyewe alisomaje utotoni, alicheka kidogo, kisha akatazama chini.

Wala tusidhani kwamba kila anayekwama ana hali hii. Yuko asiyesikia vyema kwa sababu sikio lilitoka usaha zamani na hakuna aliyelitazama, naye huitwa mtovu wa adabu kwa kuwa haitikii. Yuko asiyeona ubao. Yuko asiyeweza kutulia mkekani dakika kumi. Kila mmoja ana njia yake, na la kwanza ni kupimwa macho na masikio, kabla ya bakora na kabla ya kombe.

Sasa tutazame dini yetu yasemaje juu ya mtoto huyu. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amemtaja mtu aisomaye Kur-ani kwa ufasaha, akasema kuwa huyo yuko pamoja na malaika watukufu, kisha akamtaja yule aisomaye kwa kutatizika, nayo ikawa nzito juu yake, akasema kuwa huyo ana thawabu mbili. Zingatieni neno hili, enyi walimu. Mtoto anayekwama mbele yako, akaanza tena, akakwama tena, ana thawabu mbili kwa Mola wake. Nawe wampa bakora mbili.

Tazameni pia sura ya Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi, akitumai watasilimu, akajiwa na kipofu, Abdullahi bin Umm Maktum, ataka kufundishwa. Mtume akakunja uso na kugeuka. Mwenyezi Mungu akamteremshia maneno ya kumlaumu, yakasomwa tangu siku ile mpaka leo. Na kipofu yule akaja kuwa mmoja wa waadhini wa Madina pamoja na Bilali. Basi ni nani kati yetu asiyekunja uso? Twaona katika vyuo vyetu mwalimu ampa wakati wake mtoto mwepesi, atakayesimamishwa katika mashindano ya Kur-ani mwezi wa Ramadhani na kukipatia chuo sifa, na yule mzito akaachwa nyuma karibu na viatu. Hatuyapingi mashindano. Twasema tu kwamba aliyekaa karibu na viatu naye ana haki, na haki yake itaulizwa.

Na Nabii Musa (A.S.) alikuwa na fundo katika ulimi wake. Alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola amfungulie fundo hilo, tena ampe nduguye Haruni awe msaidizi wake, kwa kuwa Haruni ni fasaha kuliko yeye. Akapewa aliloliomba. Hakuondolewa katika utume kwa sababu ya ulimi wake. Aliongezewa mtu wa kukaa naye. Wallahi sisi hatujaona mafunzo ya ualimu yaliyo mafupi na makubwa kuliko haya.

Hapa hatuna budi tujisute wenyewe. Sisi tunaopenda marekebisho ndio tuliosifu madawati na madarasa, na kuvicheka vyuo vya kizamani vya barazani. Yako mengi ya kuchekwa katika vyuo vile, lakini jambo moja tulilitupa bila ya kulitazama. Katika chuo cha kizamani kila mtoto alikuwa na mahali pake: huyu yuko katika Amma, yule Yasini, na mwingine bado yuko katika herufi, na hakuna aliyemwona kuwa amechelewa. Mwanafunzi mkubwa alimshika mdogo. Mtoto aliandika juu ya ubao wa mti kwa wino wa masizi, mkono ukiandika, jicho likitazama, mdomo ukitamka, sikio likisikia. Kisha akauosha na kuandika tena. Wataalamu wa mambo ya kusoma leo wasema kwamba mtoto mwenye disileksia hufundishwa kwa kuvitia kazini viungo hivi vyote pamoja. Sisi tumeuuza ubao kwa watalii, tukaleta darasa la watoto sitini wanaofunua ukurasa mmoja siku moja, na asiyeufahamu ukurasa huo atakutana na mwingine kesho.

Basi mwalimu afanyeje? Kwanza azitenge herufi zinazofanana. Be, te, the, nuni na ye zikiwa katikati ya neno ni jino moja tu, tofauti yake ni nukta: ngapi, na juu au chini. Kumpa mtoto huyu zote kwa siku moja, kwa kuwa ndivyo zilivyopangwa, ni kumtwika asichoweza. Na apewe be peke yake. Akiijua, apewe mimu au lamu, ambayo haifanani nayo. Te ingoje mpaka be iwe haimtoki tena. Aiandike kwa kidole mchangani, kubwa, huku akitamka sauti yake, mara nyingi, siku nyingi. Anaposoma, mistari mingine ifunikwe kwa kipande cha karatasi, abakie na mstari mmoja mbele yake. Robo saa asubuhi na robo saa jioni ni bora kuliko saa nzima ya machozi. Asisimamishwe mbele ya wenziwe kusoma asichokitayarisha. Na jambo ambalo walimu wengi hulikosea: hifadhi yake isisimamishwe kwa ajili ya herufi. Kama masikio yake yamebeba Amma yote, na abebe Tabaraka, huku macho yakifuata polepole nyuma.

Skuli nako mambo ni hayo hayo, tena yana mzigo wa zaidi. Mtoto wetu wa pwani asubuhi asoma Kiswahili na Kiingereza kutoka kushoto kwenda kulia, alasiri asoma Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Walio wengi hulimudu hilo bila ya taabu. Mtoto huyu aanze kwa lugha aliyoinyonya. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa: ba, be, bi, bo, bu, na mtoto akishika silabi ameshika mlango. Maandiko ya Kiingereza hayana utaratibu huo, na anayekwama hukwama huko maradufu. Mwalimu wa skuli aweza pia kumwuliza kwa mdomo lile analowauliza wengine kwa kalamu, apate kujua kama mtoto hajui hesabu, au ameshindwa tu kulisoma swali.

Wala msaada haukukosekana nchini. Tangu mwaka 1984 serikali ya Kenya imeweka vituo vya kupima watoto wenye taabu ya kusoma, na mwaka 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE) kufundisha walimu wa kazi hii. Mzazi akamwulize mwalimu mkuu au ofisi ya elimu iliyo karibu naye kituo kiko wapi. Kwenda huko si aibu. Aibu ni kulipa fedha ya kombe mwaka baada ya mwaka, na mtoto bado hajapimwa masikio.

Watatokea walimu watakaotujibu kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha mtoto apigwe afikapo miaka kumi. Hadithi hiyo twaijua, imo katika Abu Daud. Lakini hadithi hiyo ni juu ya Sala, na ni juu ya mtoto aliyeamrishwa tangu miaka saba, akafundishwa miaka mitatu mizima, akaweza, kisha akaacha. Ni nani aliyeigeuza ikawa ya be na te? Anayeacha na anayeshindwa hawawekwi katika mizani moja. Na ukitaka kuona Mtume mwenyewe alivyofundisha, soma katika Sahihi Muslim kisa cha Muawiya bin Al-Hakam, aliyesema maneno ndani ya Sala kwa kutojua, watu wakamkodolea macho na kujipiga mapaja. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba Mtume alipomaliza hakumkemea, wala hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu Sala ni nini. Akasema kuwa hakuona mwalimu mzuri kama huyo kabla yake wala baada yake. Ibn Khaldun naye, aliyefariki mwaka 1406, aliweka mlango mzima katika Mukaddima yake kueleza kwamba ukali humdhuru mwanafunzi, khasa aliye mdogo, ukamfunza uvivu na uwongo na hila. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, imekataza mtu kuadhibiwa kwa kupigwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza vivyo hivyo katika skuli. Ni jambo la kusikitisha kwamba sisi tulio na mfano wa Mtume twangoja kukumbushwa na mahakama.

Hatukusudii kumvunjia heshima mwalimu wa chuo. Twajua ada anayolipwa, na twajua kwamba wazazi walio wengi hata hiyo huichelewesha. Mwenye watoto sitini na bakora moja hatapata robo saa ya mtoto mmoja, ila jamaa wa msikiti wamlipie msaidizi. Hili ni deni letu sisi tunaosali safu za mbele, si lake.

Na khatari ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtoto huyu asipojua kusoma, hiyo ni hasara. Lakini akijifunza kwamba kila unapofunuliwa msahafu kuna maumivu, hiyo ni hasara nyingine. Tunao mjini vijana wazima ambao hawajakaribia darasa tangu siku waliyotoroka chuoni, na kila mmoja wetu aweza kuwahesabu walio katika mtaa wake.

Seremala alituuliza mchanga atauweka wapi, maana nyumba yake ni ya ghorofani. Tukamwambia ajitengenezee sinia la mbao lenye ukingo. Amerudi katika Shaabani na masinia manne aliyoyaranda mwenyewe: moja ni la mwanawe, na matatu ameyatoa wakfu kwa chuo chochote kitakachoyahitaji. Yako kwetu msikitini, na mwalimu ayatakaye aje baada ya Alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Hirizi imevuliwa. Mtoto amezijua be, mimu na lamu, naye azitafuta katika juzuu kwa kidole chake bila ya kuambiwa. Te bado.