Zama Zake, Zama za Nani?

Juzijuzi nilikwenda kusikiliza mhadhara wa wazi kwenye Makumbusho ya Akiolojia ya Kale ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kuingia ni bure; unatafuta kiti, unakaa, unasikiliza habari za Ugiriki na Roma. Humo mna sanamu zaidi ya 450, nakala za plasta. Moja ni ya binti wa Athene, aliyechongwa karibu mwaka 530 K.K. Ile halisi imebaki marumaru iliyofifia, lakini nakala hii imepakwa rangi za kuwaka, ili tukumbuke kuwa Wagiriki hawakuziacha sanamu zao nyeupe. Weupe ule ni kazi ya miaka.

Mada ilikuwa Aristotle na utumwa. Katika kitabu chake cha Siasa, Aristotle anamwita mtumwa chombo chenye uhai, na anadai wapo watu waliozaliwa ili watumikishwe. Mzungumzaji alieleza vizuri sana, kisha akafunga kwa maneno niliyoyasikia mara nyingi: tusimhukumu, alikuwa mtu wa zama zake. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mie nikabaki na donge kooni.

Nina sababu. Bibi mzaa mama alizaliwa Unguja. Ukimuuliza habari za wazee wake, upande wa babake alikuwa akitaja majina saba bila kupumua. Upande wa mamake alisema tu, "Walitoka bara," halafu anakuuliza kama umekula. Tulipokua ndipo tukaelewa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Si mbali hivyo. Na wale wa majina saba, tuliambiwa nyumbani, nao walikuwa watu wa zama zao.

Sasa hebu tuulize: zama za nani? Aristotle mwenyewe, katika kitabu kilekile, anakiri kuwa wapo waliosema kummiliki mtu ni kinyume cha maumbile, ni jambo la sheria na mabavu tu, kwa hiyo si haki. Yaani hoja aliijua, akaikataa. Haya, tuwaache wanafalsafa. Thucydides anaandika kwamba Wasparta walipoweka ngome Decelea mwaka 413 K.K., watumwa zaidi ya 20,000 waliwatoroka Waathene, wengi wao mafundi. Hao hawakutuachia kitabu, lakini miguu yao ilisema. Je, wao hawakuwa watu wa zama zile? Tukisema "zama zake" tunawahesabu mabwana peke yao, na watumwa tunawatoa kwenye hesabu mara ya pili.

Sisemi tumtupe Aristotle. Namsoma bado, kama ambavyo bado nasimama kuutazama mlango wa nakshi nikiwa Mji Mkongwe. Ila kumwelewa mtu ni jambo moja. Kumsamehe kwa niaba ya aliowaumiza ni jambo jingine, na ruhusa hiyo sina. Nusu ya damu yangu hainiruhusu.

Tena kuna kinachonisumbua zaidi. Nyumbani tulikuwa na dada wa kazi. Alituosha, akatupeleka shule ambayo yeye hakuisoma, na usiku alilala jikoni. Hakuwa mtumwa, najua. Lakini hakuna aliyemuuliza anataka nini, na jirani mmoja aliyemwambia mama kuwa si haki alionekana mkorofi. Mama alimjibu kwamba kila nyumba ndivyo inavyoishi. Nami nilipopata nyumba yangu nilimleta binti mwingine, nikampa chumba kizuri zaidi na mshahara uleule wa kuchekesha.

Wakati wa maswali sikunyoosha mkono. Niliogopa kuuliza juu ya Aristotle kisha sauti ikanitoka kwa jambo jingine. Ndiyo maana nayaandika hapa.